Wiki ya Kuvunja Vikoba

Jumatatu, 14 Julai

Dawa ya presha, chai ya rangi, kufagia mbele ya mlango. Mguu wa kushoto bado umevimba. Vumbi la Mtoni limeingia hadi kabati la vyombo.

Mwanaidi alipita akienda kufungua duka. Ana fremu moja ya duka jirani na barabara kubwa, anauza sare za shule na vitenge, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mwenye fremu, Mzee Kassim, hataki tena kodi ya miezi sita. Anataka ya mwaka mzima, mwisho tarehe 5 Agosti. Kuna mtu wa vipuri vya bodaboda ameshamwonyesha fedha taslimu. Mwanaidi hana hofu. Kikoba chao kinavunjwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Yeye ndiye mwenyekiti, na hisa zake zinatosha kodi na chenji inabaki.

Kuvunja kikoba. Mwaka mzima akina mama wananunua hisa kila wiki na kukopeshana. Siku ya kuvunja kila mmoja anachukua chake na faida yake, wanakula pilau, wiki inayofuata wanaanza upya.

Huku kwetu vikoba karibu vyote vinavunjwa siku moja. Sababu yake hunichekesha. Kikundi cha kwanza kilichapisha katiba kwa kijana wa stationery, duka la kuchapa na kutoa nakala. Yule kijana akalitunza faili. Kila kikundi kilichokuja baadaye kiliuziwa katiba ileile, amebadilisha jina tu. Tarehe ya kuvunja iliyoandikwa humo akaiacha kama ilivyo. Ndiyo maana Mtoni nzima, na sehemu kubwa ya Chang'ombe, inadai fedha zake wiki moja.

Benki yetu ndogo inalijua hilo. Kila Julai hujaza fedha kuwasubiri.

Jumatano, 16 Julai

Nilikwenda benki kulipia maji. Mashine ya kutolea fedha imezimwa. Karani mmoja dirishani badala ya watatu. Mzee mbele yangu alitaka kutoa fedha ya mahari ya mwanawe, akaambiwa arudi kesho asubuhi.

Ukutani tangazo jipya. Akaunti ya muda maalumu, riba kubwa. Nililisoma mara mbili. Halikunipendeza.

Nimefanya kazi benki zaidi ya nusu ya maisha yangu, miaka ya mwisho nikifundisha makarani wapya. Niliwafundisha hivi: ukitaka kujua hali ya benki, usitazame jengo. Tazama inawalipa nini wenye amana. Serikali inapokopa kwa hatifungani hutoa riba fulani, na hicho ndicho kipimo, kwa sababu serikali ndiyo mkopaji anayeaminika kuliko wote nchini. Benki inayomlipa mama wa Mtoni zaidi ya serikali ina kiu. Benki nyingine zimekataa kuipa maji.

Huenda nazeeka vibaya. Mtu aliyestaafu huona ufa kila mahali.

Fedha za kikoba cha Mwanaidi zimo humo. Akaunti ya muda maalumu, inaiva Ijumaa tarehe 25. Kesho yake wanavunja.

Ijumaa, 18 Julai

Sikuweza kukaa. Nilikwenda kumwona meneja, Lameck. Alipita darasani kwangu akiwa kijana. Alinipa kiti, akafunga mlango, akaanza kunisifia afya yangu. Nikajua.

Aliniambia nusu, na nusu niliikamilisha mwenyewe. Benki imekopesha fedha nyingi kwa mradi wa nyumba za kuuza kule Boko. Nyumba zimesimama, wanunuzi hawajaja. Mkopo ule utarudi baada ya miaka. Amana zinadaiwa Julai hii.

Hii ndiyo kazi ya benki tangu zamani, si wizi. Inamwambia mwenye amana, njoo uchukue unapotaka. Inamwambia mkopaji, rudisha polepole. Ahadi mbili, fedha zilezile. Siku zote inafanya kazi, kwa sababu watu hawaji wote pamoja. Huku kwetu wanakuja wote pamoja. Kijana wa stationery ameshapanga.

Miaka iliyopita Julai walikopa kwenye benki nyingine kwa wiki moja, wakaweka rehani hatifungani zao, wakalipa Agosti vikundi vilipoanza kuweka tena. Mwaka huu hatifungani zote zimekwisha kuwekwa rehani tangu Machi. Hakuna cha kuonyesha.

"Mama, tukivuka Julai tumepona. Nakuomba tu, watu wanakusikiliza."

Hakumaliza. Hakuhitaji kumaliza.

Nimerudi nyumbani na maumivu ya kichwa.

Jumamosi, 19 Julai

Nafikiri kwenye karatasi, kama nilivyofundisha.

Nikimwambia Mwanaidi atoe, atatoa. Ataambia wenzake, kwa haki. Jioni Mtoni yote itajua. Jumatatu foleni. Benki yoyote duniani, hata nzima kabisa, haiwezi kuwalipa wote siku moja. Nitakuwa nimeiua mimi, na watakaofika mwisho wa foleni ndio watakaolia. Wagonjwa, wazee, walioko safarini.

Nisipomwambia, ninacheza na fremu yake.

Swali ni moja. Je, benki hii imekosa fedha leo tu, au imekosa mali? Mtu mwenye nyumba tatu anaweza kukosa nauli. Huyo anakopesheka. Asiye na nyumba wala nauli hakopesheki. Kama ni ule ugonjwa wa kwanza, Benki Kuu ipo kwa ajili hiyo hasa. Inaikopesha benki iliyoshikwa, kwa riba kali na rehani nzuri, mpaka upepo upite.

Nyumba za Boko zipo. Nimeziona nilipokwenda kwa mwanangu Koku. Kuta, mabati, madirisha.

Naamini ni ugonjwa wa kwanza. Nitakaa kimya.

Jumatatu, 21 Julai

Sikukaa kimya kwa muda mrefu. Kuna sauti inazunguka kwenye simu, mwanamke asiyejulikana, analia, anasema benki ya Mtoni imefilisika. Koku alinitumia kutoka Boko kabla sijanywa chai. Akina mama walikuwa wameisikia kabla yangu.

Mwanaidi alikuja na wenzake wawili, katibu na mweka hazina. Wote watatu lazima watie saini ndipo fedha itoke. Walikuwa wamevaa kabisa, vitambulisho mkononi, njiani kwenda benki.

"Shikamoo Mama Koku. Niambie kama mdogo wako. Sie tukatoe leo, au tusubiri Ijumaa?" akauliza Mwanaidi.

Niliwaeleza. Nilieleza vizuri, hilo silikatai. Wakivunja akaunti leo wanapoteza riba ya miezi yote. Foleni yenyewe ndiyo inayoua benki. Benki Kuu haiachi hivi hivi. Nikawapa mfano wa nauli na nyumba tatu. Katibu akacheka, akasema yeye hana hata nyumba moja.

Mwanaidi akarudisha kitambulisho chake kwenye mkoba. Akawaambia wenzake, "Haya, turudi. Huyu ndiye kazi yake."

Wakarudi.

Najisikia vibaya na sijui kwa nini. Hoja zangu zote zilikuwa sahihi.

Jumanne, 22 Julai

Foleni imetoka mlangoni, ikapita kwa muuza chipsi, ikafika kituo cha mafuta.

Nilisimama ng'ambo kuangalia. Nilimwona Lameck nyuma ya kioo, fedha zimepangwa juu ya meza nyuma ya makarani, mahali kila mtu anaziona. Wanalipa kwa noti ndogo, wanahesabu kwa mkono, mara mbili. Wameweka viti vya plastiki na chupa za maji kwa wazee. Nayajua yote hayo. Ni kununua muda. Nimeyafundisha mimi mwenyewe, na Lameck alikuwa mwanafunzi mzuri.

Wanawake wa kikundi cha jirani walitoka na mfuko wa sandarusi umejaa noti za elfu. Mmoja akaupandisha kichwani kama unga, akawa anacheza. Watu wakapiga vigelegele.

Foleni ikaongezeka.

Alhamisi, 24 Julai

Tangu jana kila mteja anapewa kiasi kidogo tu kwa siku. Leo wamelipa hadi saa tano wakafunga dirisha. Mlinzi anaitwa majina ya kila aina, anatabasamu tu.

Lameck hapokei simu.

Mwanaidi alipita jioni. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye kizingiti, akaniuliza kama kesho akaunti ikiiva watalipwa yote au kidogo kidogo. Nikasema sijui. Ni mara ya kwanza ananiuliza jambo la fedha nami nasema sijui. Nilimwona akishtuka kuliko kama ningesema hapana.

Nimeogopa leo. Sijaogopa hivi tangu mume wangu alipolazwa.

Ijumaa, 25 Julai

Karatasi mlangoni. Benki Kuu imeiweka benki chini ya usimamizi wake. Shughuli zote zimesimama kwa siku tisini. Askari wawili.

Siilaumu Benki Kuu. Najieleza mwenyewe ili nisiilaumu. Benki inapovuja, kila shilingi anayolipwa wa mbele inatoka kwa wa nyuma. Kufunga mlango ni kusema, sasa wote mko sawa. Ningekuwa ofisini kule, ningetia saini.

Lakini akaunti ilikuwa inaiva leo. Katibu, mweka hazina na Mwanaidi walifika asubuhi, wamevaa walivyovaa Jumatatu, vitambulisho mkononi. Wakasoma karatasi. Mweka hazina akakaa chini pale pale kwenye ngazi.

Mimi niliona kwa mbali. Sikuvuka barabara. Sina maelezo ya hilo.

Jumamosi, 26 Julai

Walikutana hata hivyo. Mchele ulikwisha kununuliwa, nyama imelipiwa, turubai limefungwa. Wamevaa sare yao ya kitenge cha njano, aliyoichagua Mwanaidi. Pilau ilipikwa. Wengi hawakula.

Niliombwa nije nieleze. Mwanaidi alisimama kwanza. Akasema siku ya Jumatatu walikuwa njiani kwenda kutoa, na yeye kama mwenyekiti ndiye aliyesema warudi. Hakutaja jina langu.

Nikasimama. Nikasema ushauri ulikuwa wangu. Kisha nikaanza kueleza tofauti ya benki iliyokosa fedha na benki iliyokosa mali, kwa sababu nilidhani itawasaidia kujua kama watalipwa.

Mama Doto, muuza samaki wa kukaanga, alinyoosha mkono.

"Shikamoo Mama Koku."

"Marahaba."

"Somo tumelielewa. Nyumba tatu, nauli, tumelielewa sana. Sasa pensheni yako wewe inaingiaga benki gani?"

Nikasema inaingia benki kubwa ya mjini.

"Basi kaa, mama yangu. Upumzishe miguu."

Wachache walicheka, si kwa furaha. Nikakaa. Hakuwa na adabu mbaya. Alisema kweli, na aliniamkia kwanza.

Jumatatu, 28 Julai

Maofisa wawili wamekuja kujibu maswali, wamekaa kwenye meza nje ya benki. Wastaarabu. Nilikwenda na Mwanaidi, ingawa hakuniomba.

Kuna bima ya amana. Kila benki huchangia, na benki ikifa mwenye amana hulipwa hadi kiwango cha sheria. Mtu mwenye akiba ndogo hupata yote. Hilo ni jambo jema, na limeokoa wengi.

Lakini bima inahesabu mteja. Kikoba ni akaunti moja, jina moja. Wanawake thelathini, na kwenye karatasi ni mteja mmoja. Ofisa alisema kwa sasa itahesabiwa hivyo, mpaka atakayepewa kazi ya ufilisi aamue vinginevyo. Hakujua lini.

Wangeweka kila mmoja peke yake, wangelipwa wote, kila senti. Waliweka pamoja kwa sababu kukaa pamoja ndiyo maana ya kikoba.

Nikauliza kuhusu nyumba za Boko. Ofisa kijana akanitazama, akaona anaongea na mtu wa kazi, akashusha sauti. Nyumba ziliandikwa kwenye hesabu kwa bei ambayo hakuna mtu aliyewahi kuitoa. Zaidi ya nusu hazina hati. Benki ilikosa mali tangu mwaka jana.

Ugonjwa wa pili. Niliangalia kuta, mabati na madirisha, nikaita mali. Karani wa mwezi wa kwanza angeuliza hati.

Mwanaidi hakuelewa tulichozungumza. Sikumtafsiria.

Ijumaa, 1 Agosti

Nimetoa pensheni yangu na akiba ya mazishi. Inakaribia kodi ya mwaka, inapungua kidogo tu. Niliifunga kwenye bahasha, nikaenda dukani kwake.

Alikuwa anakunja sketi za bluu. Hakuna mteja. Nikaiweka bahasha juu ya vitambaa, nikamwambia atanilipa akijaliwa, na asipojaliwa basi.

Hakuigusa.

"Mama Koku, nakushukuru. Ila nikilipa kodi Jumanne, hao thelathini watauliza hela mie nimetoa wapi. Watasema mwenyekiti alijua, alitoa ya kwake pembeni, akatuacha sie."

Nikasema nitakwenda kuwaeleza mimi.

"Wewe tena?"

Hakusema kwa ubaya. Alitabasamu kidogo hata. Kisha akaendelea kukunja.

Nikamwambia fremu ni maisha yake. Akasema anajua, miaka kumi na tisa anajua. Lakini fremu ni ya Mzee Kassim, jina jema ndilo la kwake yeye. Wale wanawake watakuwa wanamtazama kila siku mpaka afe. Mama Doto mtoto wake amerudishwa nyumbani kutoka chuo kwa kukosa ada. Katibu ameuza friji. Hawezi kuwa yeye peke yake aliyesalimika.

Nimerudi na bahasha. Nimekasirika. Nimemkasirikia yeye, ni ajabu. Halafu nimejikasirikia mimi. Sijala.

Jumatatu, 4 Agosti

Nilikwenda kwa Mzee Kassim bila kumwambia Mwanaidi. Nikamwomba asubiri mpaka siku tisini ziishe. Alinikaribisha kahawa. Ni mtu mpole. Akasema naye fremu zile ndizo zinazomlisha, ana mke anayesafishwa figo kila wiki, na hospitali haisubiri siku tisini.

Nikamaliza kahawa, nikaaga. Fedha za kila mtu zimesimama juu ya fedha za mwingine. Hilo pia niliwahi kulifundisha, kwa mchoro wa mishale ubaoni. Mishale haikuwa na wake wagonjwa.

Jumanne, 5 Agosti

Mwanaidi amehama.

Tulibeba marobota ya vitenge, mimi, yeye na katibu. Cherehani mbili zikaenda kwa guta la magurudumu matatu. Kioo cha kujitazamia wateja kilipasuka kona moja mlangoni. Rafu zilikuwa zimepigiliwa ukutani, akaziacha.

Mama Doto alikuja pia. Alivua kanga ya pili, akaifanya kata, akajitwika robota zito kuliko yote, akatangulia.

Saa nane mtu wa vipuri alileta fundi wa kupaka rangi. Alitusalimia vizuri. Si kosa lake.

Jumapili, 10 Agosti

Misa ya kwanza. Baada ya hapo nililala mchana wote.

Kikundi kimeanza upya. Wiki hii wamenunua hisa, kidogo sana, wengine hawakuweza. Wamemchagua tena Mwanaidi. Fedha zinakaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, nyumbani kwa mweka hazina, chini ya kitanda. Ningewaambia fedha chini ya kitanda inaliwa na mfumuko wa bei, kila mwezi inanunua vitu vichache kuliko mwezi uliopita. Na moto. Na wezi.

Hawakuniuliza, nami sikuwaambia.

Lameck ameonekana kwao, wanasema. Amenyoa nywele zote. Sina hasira naye ya kutosha.

Jumapili, 24 Agosti

Baridi imepungua. Mguu nafuu.

Nikitoka kanisani nilipita njia ya barabarani. Fremu imepakwa rangi nyekundu, matairi yananing'inia nje. Mama mmoja kijana alikuwa amesimama pale na mtoto wa kike wa darasa la kwanza au la pili. Anaangalia huku na huku. Akaniamkia, akauliza kama duka la sare limefungwa leo au limehama.

Nikamwambia limehama, yuko nyumbani kwake sasa, anauzia barazani. Nikamwelekeza. Nyuma ya msikiti, upite mashine ya kusaga, ushuke bondeni, uulize kwa Bi Mwanaidi wa kikoba.

Alisikiliza hadi mwisho. Akamtazama mtoto, akalitazama jua. Akasema ahsante bibi, labda siku nyingine.

Wakavuka barabara. Upande wa pili kuna duka lingine lenye sweta zimetundikwa mlangoni. Wakaingia humo.

Nilisimama mpaka wakatoka. Mtoto alikuwa ameivaa sweta tayari, ndefu kidogo mikononi.

Nikaja nyumbani nikapika ndizi.